Akili Mnemba na Somo la Ujasiriamali: Hesabu Yetu Tuijue Wenyewe

Kila mwaka, mitihani ya Kidato cha Nne inapomalizika, vijana wetu wa Unguja na Pemba hurejea majumbani wakiwa na swali moja vichwani mwao: sasa tufanye nini? Baadhi yao huendelea na masomo ya juu. Wachache huajiriwa Serikalini. Wengi hubaki vijijini na mitaani wakitafuta njia, na idadi yao haipungui. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Hakuna Serikali duniani, iwe tajiri namna gani, inayoweza kumpa kila kijana kiti na meza ofisini.

Ndiyo maana neno ujasiriamali limeingia katika hotuba za viongozi, katika mipango ya Serikali na katika madarasa. Na kabla somo lenyewe halijakaa vizuri, mlangoni amebisha hodi mgeni mwengine, naye ni akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia. Wapo wanaotaka mgeni huyu akaribishwe mara moja, awafundishe vijana wetu biashara. Wapo wanaotaka afungiwe mlango. Sisi tunasema akaribishwe, lakini aonyeshwe pa kukaa. Na pa kukaa kwake ni chini ya mwalimu, baada ya daftari la hesabu na baada ya soko. Sababu zetu tunazieleza hapa.

TULIKOTOKA

Wazee wetu walilima karafuu zilizotafutwa na dunia nzima, lakini wengi wao hawakuonja utamu wa bei yake. Katika zama za ukoloni, mashamba mengi yalikuwa ndani ya deni. Mwenye shamba alikopa kabla ya msimu, akauza karafuu zikingali mtini, na ulipofika wakati wa kuchuma alikuta mavuno si yake tena. Hali ilifika mahali ambapo serikali ya kikoloni yenyewe, katika miaka ya 1930, ililazimika kutunga sheria za kuzuia mashamba yasiishie mikononi mwa wakopeshaji. Mkulima yule hakuwa mvivu, wala hakuwa mgeni wa kilimo. Alichokosa ni kalamu, daftari na uwezo wa kupiga hesabu ya deni lake. Asiyejua hesabu ya mali yake huhesabiwa na mwengine.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964 yalikuja kuikata minyororo ya namna hiyo. Tarehe 23 Septemba ya mwaka huo huo, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo, na watoto wa makabwela wakaingia madarasani. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akisisitiza kwamba skuli isimtenge mtoto na kazi wala na maisha ya jamii yake. Somo la ujasiriamali, likifundishwa vizuri, ni mtoto halali wa fikra hiyo. Likifundishwa vibaya huwa ni maneno matupu ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani, au, kwa ubaya zaidi, huwa ni somo la kumfunza kijana namna ya kumzidi akili jirani yake.

Kwa hivyo hatuzungumzii kifaa tu. Tunazungumzia iwapo kijana wa leo ataijua hesabu ya mali yake, au atairejea hali ya yule mwenye shamba aliyeuza karafuu mtini, isipokuwa safari hii atakuwa ameiuza akili yake.

MASHINE YENYEWE NI KITU GANI

Wananchi wengi walianza kuisikia habari hii baada ya tarehe 30 Novemba, 2022, pale kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipoifungulia dunia programu yake iitwayo ChatGPT. Baada ya hapo kampuni nyengine nazo zikatoa za kwao. Mtu huandika swali katika simu au kompyuta, na mashine humjibu kwa maneno yaliyopangika kama barua ya karani hodari.

Ni vyema tuelewe inavyofanya kazi. Mashine hii imelishwa maandishi mengi mno, na kutokana na maandishi hayo imejifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Inapojibu, hukisia maneno moja baada ya jengine. Mara nyingi hukisia vyema kwa namna ya kustaajabisha. Lakini hukisia pia pale ambapo haina habari, na sauti yake haibadiliki. Mchuuzi mkweli akiulizwa bei asiyoijua hukuambia subiri nikaulize. Mashine hii yaweza kukutajia bei iliyoitunga, kwa adabu zote na bila ya kusita. Tena maandishi iliyolishwa kwa wingi ni ya Kiingereza. Kiswahili inakijua, lakini habari za Makunduchi, Micheweni na Tumbatu ilizozisoma ni chache.

Hata hivyo, tusiwe miongoni mwa wanaoogopa kila kigeni. Visiwa hivi vilianza kurusha televisheni ya rangi mwaka 1973, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990 ndipo ikapata televisheni. Hatukuivumbua sisi mitambo ile, lakini tuliiweka katika kazi yetu, ikasema lugha yetu.

Na kazi ya akili mnemba katika somo hili ipo. Mwalimu mmoja mwenye darasa lililojaa hawezi kukaa na kila mwanafunzi akamsomea mpango wake wa biashara. Mashine inaweza kuusoma na kuuliza: gharama ya usafiri umeiandika wapi? Inaweza kujifanya mteja mkaidi anayepunguza bei, au mkopeshaji anayetaka dhamana, ili kijana ajizoeze kujibu kabla hajakutana na mteja na mkopeshaji wa kweli. Inaweza kumwandalia mwalimu mazoezi ishirini ya faida na hasara katika muda ambao yeye angeandika mawili. Mambo haya si madogo.

WALIYOYAONA WENGINE

Hapana haja ya kubahatisha, kwani wapo wenzetu waliokwisha kujaribu. Katika Jimbo la Edo nchini Nigeria, mwezi Juni na Julai mwaka 2024, Benki ya Dunia ilisaidia mpango wa wiki sita ambapo wanafunzi wa sekondari walijifunza Kiingereza kwa akili mnemba baada ya saa za masomo. Walimu walikuwapo darasani, wakiwaongoza. Wanafunzi walioshiriki walifanya vizuri kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao ambao hawakushiriki.

Nchini Uturuki mambo yalikuwa tofauti. Watafiti walifanya jaribio la hesabu kwa karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari, na matokeo yakatolewa mwaka 2024. Waliopewa mashine bila ya masharti walifanya mazoezi yao vizuri zaidi kwa asilimia 48 kuliko wasiokuwa nayo. Lakini ilipoondolewa na mtihani ukaja, walishindwa kwa asilimia 17 na wale ambao hawakuigusa kabisa. Mashine iliwafanyia kazi, wao wakabaki watupu. Lilikuwapo pia kundi jengine, ambalo mashine yake ilitengenezwa kwa kufuata maelekezo ya walimu, ikatoa vidokezo badala ya majibu. Kundi hilo kwa sehemu kubwa liliepukana na hasara hiyo.

Jaribio linalotuhusu zaidi lilifanyika kwa jirani zetu wa Kenya. Wafanyabiashara wadogo 640 walishirikishwa, na baadhi yao wakapewa mshauri wa akili mnemba kwa njia ya WhatsApp. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba kwa wastani ushauri ule haukuleta tofauti. Lakini wastani huo ulificha jambo zito. Wale ambao biashara zao zilikuwa zikienda vizuri tangu awali walipata zaidi. Wale waliokuwa wakiyumba, hali zao zilizidi kuwa mbaya.

Tunawaomba viongozi na watendaji waisome vyema habari hiyo. Ushauri ulitoka katika mashine ile ile, lakini aliyekuwa na busara ya biashara alichagua lenye faida akaliacha lisilomfaa, na aliyekosa busara hiyo akapotea zaidi. Ina maana kwamba tukiigawa mashine kwa vijana bila ya kuwapa kwanza uwezo wa kupima, tutakuwa tumemwongezea aliyenacho na kumnyang'anya asiyenacho. Huko si kujenga jamii ya watu walio sawa.

MFANO WA SABUNI

Tuchukue mfano wa kawaida kabisa. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na kikaenea hadi Pemba, kazi ikifanywa zaidi na wanawake. Kwa miaka mingi mwani wetu umesafirishwa ukiwa mkavu na mbichi wa thamani, ili wengine huko nje wautengenezee bidhaa. Aina iitwayo cottonii, ambayo bei yake ni nzuri zaidi, imekuwa ikifa kila maji yanapopata joto, na wakulima wengi wamelazimika kubaki na spinosum, yenye bei ndogo. Ndipo baadhi ya vikundi, Kidoti na Paje vikiwa miongoni mwao, vikaanza kutengeneza sabuni za mwani. Huo ndio ujasiriamali wa kweli: kuiongezea mali yetu thamani hapa hapa.

Sasa tuseme wanafunzi wa Kidato cha Tatu wameamua kutengeneza sabuni. Wamenunua mafuta ya nazi, magadi, unga wa mwani na manukato kwa shilingi 96,000, wakapata vipande 80. Wameiuliza mashine wauze bei gani. Mashine imegawa, ikapata shilingi 1,200 kwa kipande, ikashauri wauze kwa shilingi 1,500. Faida, imesema, ni shilingi 24,000. Hesabu hiyo haina kosa kwa yale iliyoambiwa.

Lakini muulizeni mama yeyote anayeijua kazi hii. Atauliza: vifungashio je? Shilingi 8,000. Nauli ya kwenda mjini na kurudi? Shilingi 6,000. Vingapi vimevunjika njiani? Sita. Basi gharama imefika shilingi 110,000, na vipande 74 vilivyobaki, kwa shilingi 1,500 kila kimoja, vimeleta shilingi 111,000. Faida ni shilingi 1,000, na hapo siku tatu za kazi ya watu watano hazijalipwa hata senti. Mashine haikudanganya. Iliulizwa swali pungufu, ikatoa jibu pungufu, na kijana asiyejua kuuliza angelichukua jibu hilo akaenda kukopa.

Somo zima la ujasiriamali limo katika tofauti hiyo ya shilingi 24,000 na shilingi 1,000. Mwalimu mzuri atawaamuru wanafunzi wake wapige hesabu kwa mkono kwanza, kisha waiulize mashine, kisha wamwendee mama wa Kidoti au Paje, kisha warejee darasani waandike wapi mashine ilipungukiwa na kwa nini. Mwanafunzi apewe alama kwa kuisahihisha mashine, si kwa kunakili jawabu lake.

SOKO NDILO DARASA

Visiwa hivi havina upungufu wa madarasa ya namna hii. Mangapwani na kwengineko madagaa huchemshwa na kuanikwa, na wanunuzi hutoka hata Kongo kuyafuata. Kijana wa sekondari anaweza kwenda dikoni alfajiri, akaandika bei ya ndoo boti zinapoingia, akaandika tena jua likipanda, na mvua ikinyesha wakati dagaa ziko juani. Akifanya hivyo kwa mwezi mmoja atakuwa na daftari ambalo hakuna mashine duniani iliyo nalo. Hapo ndipo akili mnemba itakuwa na kazi, kwani atakuwa na takwimu zake mwenyewe za kuilisha, nayo itamsaidia kuzipanga na kuona mwendo wa bei.

Kadhalika kina mama wanaocheza upatu, na vikundi vya kuweka na kukopa katika shehia zetu, ni walimu ambao skuli haijawatumia ipasavyo. Wao wanajua kumpima mtu kabla ya kumkopesha. Wanajua kwamba mtaji wa kwanza ni uaminifu.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya maadili. Watoto wetu, kabla ya kuingia skuli, wengi wao hupita chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Huko hujifunza kwamba ndani ya Msahafu imo sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Mizani ni jambo la imani kabla ya kuwa jambo la biashara. Mashine haina imani wala haina haya. Ikiombwa tangazo la kuisifu bidhaa mbovu, yaweza kuliandika vizuri sana. Anayeongeza thamani kwa jasho lake ni mjasiriamali. Anayeficha mali ili bei ipande, au anayemghilibu mnunuzi, huyo ni mlanguzi hata akiwa na cheti cha skuli. Tofauti hiyo itafundishwa na mwalimu na mzazi. Haitafundishwa na kampuni ya ng'ambo.

TUSITEGEMEE WAYA MMOJA

Sisi watu wa visiwani tunalo funzo letu wenyewe juu ya kutegemea kitu kimoja kinachotoka mbali. Mwezi Desemba mwaka 2009 umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na Unguja ikakaa bila ya umeme huo kwa takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Mwezi Mei mwaka 2024 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari katika upande huu wa Afrika zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa, ya kwetu ikiwamo. Somo litakalosimama siku intaneti inapokatika halijawa somo bado. Kwa hivyo vitabu vibaki, ubao ubaki, na daftari la hesabu libaki. Mashine iwe nyongeza.

Lipo pia suala la siri za watu. Mwanafunzi anapoieleza mashine biashara ya wazazi wake, deni lao na mapato yao, maneno hayo huenda kuhifadhiwa katika mitambo ya wenye mali, mbali na hapa. Bunge la Jamhuri ya Muungano lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na UNESCO katika mwongozo wake wa Septemba 2023 imeshauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka 13 asiachiwe kuzungumza na mashine hizi peke yake. Wanafunzi wa sekondari wengi wamekwisha kuuvuka umri huo, lakini kuuvuka umri si sawa na kuachwa bila ya ulezi.

YAPASAYO KUTENDWA

Kwa kuwa tunazungumza na watendaji pia, tutayataja tunayoyaona kuwa ya lazima.

Kwanza, walimu watangulie. Rwanda ililifanya somo la ujasiriamali kuwa la lazima katika skuli za sekondari zaidi ya miaka kumi iliyopita, na uzoefu wake umeonyesha kwamba kuandika somo katika mtaala ni jambo moja, na kumwandaa mwalimu alifundishe kwa vitendo ni jambo jengine. Mwalimu asiyewahi kuitumia mashine hawezi kumwongoza mwanafunzi anayeitumia kila usiku.

Pili, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali na Taasisi ya Elimu Zanzibar ziandae mifano ya masomo inayotokana na mwani, karafuu, dagaa, viungo na utalii wa hapa kwetu, kwa Kiswahili fasaha, na zihakikishe kwamba mashine inayoingia darasani imefungwa masharti ya kutoa vidokezo na maswali, isitoe majibu yaliyopikwa. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinao wataalamu wa kulisaidia jambo hili.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, usawa. Hivi leo mtoto wa mjini mwenye simu ya kisasa na fedha za kununua bando anaitumia akili mnemba, iwe skuli imeruhusu au haikuruhusu. Mtoto wa Micheweni ambaye nyumbani kwao ipo simu moja ya kitochi haioni. Skuli ikiufunga mlango, haitamzuia yule wa kwanza. Itamzuia huyu wa pili peke yake. Basi chumba cha kompyuta kiwe cha skuli, kiwe wazi saa za jioni chini ya mwalimu, na kianzie huko ambako simu ni chache. Elimu bila ya malipo ya mwaka 1964 haikuanza kwa kumuuliza mtoto baba yako ana nini.

Nne, wazazi wawaulize watoto wao wamejifunza nini, si mashine imewaambia nini. Nanyi vijana, msiione aibu kuipinga mashine. Ikikutajieni bei, nendeni Darajani au Chake Chake mkaiulize bei hiyo sokoni. Ikikuambieni faida, chukueni kalamu.

Wazee wetu walipoteza mashamba kwa kukosa kusoma hati za deni. Mapinduzi yakatupa kalamu. Itakuwa ni hasara kubwa iwapo kizazi hiki, chenye kalamu mkononi, kitaikabidhi kwa mashine na kukaa kusubiri kuambiwa kina shilingi ngapi. Walimu, watendaji, wazazi na vijana, kila mmoja na ashike sehemu yake katika kazi hii, na ianze muhula huu.